Kobe Aliyepikiwa Ndizi

Asubuhi za Ephrasia zilianza kwa kununa. Alichota maji, akafagia uwanja, akatafuta jembe la kwenda nalo shule, maana mwaka ule kila mwanafunzi alikuwa na tuta lake kwenye shamba la shule, na lake lilikuwa la mchicha. Ephrasia aliuchukia mchicha. "Majani ni ya mbuzi," alikuwa akisema, na mama yake, Ma Klaudia, alishachoka kubishana naye. Redio ilitangaza kampeni ya Chakula ni Uhai, watu wazima wakakusanyika kuisikiliza, lakini sahani ya Ephrasia ilibaki ile ile: ndizi na maharage vimeliwa, majani yamesukumwa pembeni.

Kitu kimoja tu kilimfurahisha. Mjomba wake Rutashobya alikuwa amemletea kobe mchanga kutoka porini kule Kimwani, mdogo kama andazi. Ephrasia alimwita Balozi, kama balozi wa nyumba kumi, kwa kuwa hakukuwa na pembe ya nyumba asiyoikagua. Alimwekea kapu jikoni ili jua lisimchome. Kila siku alimmenyea ndizi, akamchemshia na kumpondea. Jioni alimwongezea ndizi mbivu. Kwao Muleba ndizi ndicho chakula. Mtu anaweza kula wali akashiba, bado akasema leo hajala. Mgeni unayempenda huwezi kumwekea kitu kingine. Basi Ephrasia, kwa mapenzi yake yote, akampikia kobe.

Wiki zilipita na Balozi akaanza kuburuta tumbo. Jioni moja Ephrasia alirudi kutoka kuokota kuni, akamnyanyua, na gamba likabonyea chini ya kidole chake. Lilikuwa laini kama ganda la ndizi iliyoiva sana. Ndani ya kapu, kando ya ndizi ambazo hazikuguswa, aliona nyasi na majani ya kishona nguo. Hakuyaweka yeye.

"Mama, nani ameleta magugu humu?"

"Zabibu," alijibu Ma Klaudia. "Akipita kwenda kisimani humletea."

Zabibu alikuwa jirani yao, binti wa fundi cherehani aliyehamia kutoka Kashai, Bukoba mjini. Darasani walikaa dawati moja. Ephrasia hakungoja kusikia zaidi. Alikwenda kwao huku damu inamchemka, akamkuta anaosha vyombo.

"Nyie watu wa mjini mnajua nini?" alifoka. "Umemlisha magugu tunayong'oa shambani. Umemtia sumu kobe wangu."

"Nimempa anachokula," Zabibu alisema. Naye alikuwa amekasirika. "Hizo ndizi zako anazikanyaga tu. Nilitaka kukuambia, lakini wewe huambiliki."

"Mwongo mkubwa. Usikanyage tena kwetu."

Kesho yake Ephrasia alihama dawati. Haikumtosha. Aliwatangazia wenzake kwamba Zabibu ni mtia sumu, na kabla ya mapumziko Datius, mtundu wa darasa, alikuwa ameshamwita Zabibu "Sumu". Jina likashika. Zabibu alikula mihogo yake peke yake nyuma ya darasa, na Ephrasia, aibu kusema, alifurahi. Lakini Balozi hakupata nafuu. Sasa hakuna aliyemletea majani, na mwishoni mwa juma hata macho hakuyafungua.

Jumamosi Mjomba Rutashobya alikuja kuwasalimia. Alimshika kobe, akalibonyeza gamba, uso ukamkunjamana.

"Unamlisha nini?"

"Ndizi, Mjomba. Nampikia kila siku."

"Kule Kimwani nani alikuwa anampikia?"

Mjomba alimtoa Balozi nje, akamweka juani. Upande mmoja akaweka bonge la ndizi, upande wa pili nyasi mbichi na kishona nguo. Kobe alilala pale kimya mpaka Ephrasia akaanza kulia. Kisha jua lilipompata vizuri alifungua macho, akajikokota, akaipita ndizi, akaanza kutafuna nyasi.

"Huyu asingefika leo kwa ndizi peke yake," alisema Mjomba. "Kuna mtu alikuwa anampa majani. Nani?"

Ma Klaudia ndiye aliyejibu, na alieleza yote, pamoja na jina la Sumu. Mjomba alimtazama mpwa wake kwa hasira ambayo Ephrasia hakuwahi kuiona kwake.

"Uliuliza kwanza, au ulihukumu tu?"

Hasira ya Ephrasia ilikosa pa kwenda, ikamrudia mwenyewe. Mjomba aliendelea, "Kobe mchanga anajenga gamba. Mpe nyasi za namna nyingi, majani ya viazi na ya maboga, maganda ya mayai yaliyosagwa, maji na jua. Ndizi mbivu, kipande kidogo siku mojamoja. Za kupikwa kula wewe. Na Jumatatu ukaliondoe lile jina ulikolipachika."

Jumatatu Ephrasia alisimama mbele ya darasa. "Zabibu hakumtia Balozi sumu," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa namuua kwa ndizi. Zabibu alikuwa anamwokoa." Datius alicheka, lakini hakupata wa kucheka naye.

"Umechelewa," Zabibu alimwambia. Hakutabasamu. Hata hivyo jioni alipita na majani ya viazi mkononi, akampa Balozi, akaondoka bila kuaga.

Mvua zilinyesha, zikaisha. Gamba la Balozi likawa gumu tena, naye akarudia ukaguzi wake. Mchana mmoja Zabibu alikubali kula kwao. Ma Klaudia alipakua ndizi, maharage na mchicha. Ephrasia, kama kawaida yake, akausukuma mchicha pembeni.

"Mwanangu," mama yake alisema, "umemlilia kobe kwa sababu ulimlisha kitu kimoja. Sasa wewe mwili wako umeukosea nini? Kiumbe anayekua anataka vyakula mbalimbali, awe na gamba au asiwe nalo. Na hayo majani unayoyadharau umeyaona yalichofanya."

Zabibu alimkazia macho tu, akisubiri. Ephrasia alinuna, akauvuta mchicha katikati ya sahani, akaula wote.