Sahihi ya Shahidi

Jina la gari lile silitaji, na wewe usiniulize. Mengine yote nitakwambia.

Alhamisi ile, Alwyn Pettifer alitoka nyumbani saa kumi jioni, kigiza cha Novemba kimeshaanza kushuka juu ya vilima vya Derbyshire. Alikuwa na shughuli mbili tu. Kwanza kuchukua sanduku la picha kwa Winifred Hesketh, kisha kwenda hospitali kumwona mkewe.

Doreen alikuwa ameshalazwa wiki mbili. Moyo. Lakini daktari alishasema Ijumaa anarudi nyumbani, na Ijumaa ilikuwa kesho. Tangu asubuhi Alwyn alikuwa ametandika shuka safi, amenunua mkate na supu ya makopo anayoipenda, amewasha hita chumbani ili pasiwe na baridi. Walikuwa na miaka arobaini na moja ya ndoa, na wiki mbili za kulala peke yake zilikuwa zimemchosha vibaya. Alikuwa ameanza kuongea na birika la chai.

Picha zilikuwa kazi yake ya miaka thelathini. Watu walikuwa wakikiandikia chama cha magari ya kale barua: huyu ni babu yangu, gari aliloegemea ni la aina gani? Alwyn na marehemu Cuthbert Hesketh ndio waliokuwa wakijibu. Walitazama rejeta, taa, madigadi, spoki za magurudumu, kisha nyuma ya picha wakaandika aina ya gari, mwaka, na fundi aliyeunda bodi. Chini yake huwekwa sahihi mbili, ya mtambuzi na ya shahidi. Na huandikwa kwa penseli, si kwa kalamu. Wino hupauka kwa miaka. Penseli hubaki.

Alwyn alitazama gari tu. Sura za watu hakuziona kabisa. Pale chamani walimtania kwamba hata malkia akisimama mbele ya gari, Alwyn atamwambia, mama, sogea kidogo, unaniziba rejeta. Aliyetazama watu ni Doreen. Alikuwa fundi cherehani tangu usichana wake, akiona kofia na pindo la gauni anakupa mwaka bila kukosea. Ndiyo maana akawa shahidi wa mumewe. Lakini kwa mazoea Alwyn alishaacha hata kumuuliza. Akishaandika jina lake, anaandika na la Doreen papo hapo, kwa mkono wake mwenyewe, ndipo anamwonyesha picha.

"Iko siku utaniozesha kwa mwanamume mwingine kwa sahihi hizo," Doreen alikuwa akimwambia.

Basi. Alifika kwa Winifred. Sanduku halikuwa ndani ya nyumba. Lilikuwa nje, kwenye kibanda cha makaa, chini ya gunia.

"Mbona umeliweka huku? Picha zitaota ukungu."

"Ziote," Winifred alisema.

Mumewe alikuwa na wiki tatu kaburini. Winifred alimkuta mezani, kichwa kimelalia mkono, penseli bado iko vidoleni. Tangu siku ile mama wa watu alikuwa amekonda, na sasa alisimama mlangoni mwa kibanda bila kuingia.

"Nyingine zote zipe majina," alisema kwa sauti ndogo. "Bahasha ya kahawia iache kama ilivyo."

"Ina nini?"

"Ina gari."

"Magari ndiyo kazi yangu, Winifred."

"Hata Cuthbert alisema hivyo hivyo." Alitazama barabarani, kisha akasogea karibu. "Alilipa jina. Akaweka sahihi. Akaniletea na mimi niweke ya shahidi, nikakataa. Sijui kwa nini nilikataa. Lilikuwa linanuka, Alwyn. Karatasi ilikuwa inanuka. Nimekwenda jikoni kuinjika chai, narudi... ameshakwenda. Baada ya maziko nikayafuta yale maandishi kwa raba."

"Ungeichoma tu."

"Nimeichoma. Mara mbili."

Alwyn aliona ni maneno ya mtu mwenye msiba. Alimpa pole, akabeba sanduku, akaondoka.

Mvua ilianza njiani. Alifika hospitali dakika ishirini kabla ya saa ya kuona wagonjwa, akaegesha chini ya taa karibu na baraza la kuingilia. Dakika ishirini ni nyingi kwa mtu mwenye sanduku la picha ubavuni. Aliikwepa bahasha ya kahawia. Akatazama picha moja ya gari la daktari, akalipa jina. Akatazama lori la maziwa. Kisha mkono ukarudi kwenye bahasha wenyewe. Miaka thelathini hakuna gari lililomshinda, sasa aogope karatasi?

Akaifungua.

Harufu ilijaa garini. Petroli. Ngozi ya viti vya zamani. Na chini yake... maua, yale ya msibani yaliyokaa siku mbili kwenye maji.

Zilikuwa picha mbili. Ya kwanza, limozini ndefu nyeusi mbele ya hoteli ya pwani, wageni wamesimama kando. Ya pili, gari la kubebea maiti mbele ya kanisa, watu wamevaa nyeusi. Gari lilikuwa lile lile. Taa ya kushoto ilikuwa imeinama kidogo kuliko ya kulia, na namba ilikuwa moja. Hilo halikumshangaza. Zamani tajiri alinunua chesisi na injini kwa mtengenezaji mmoja, akaenda kuvisha bodi kwa fundi mwingine. Akifa, warithi huliuza kwa wazikaji, linakatwa nyuma, linawekwa mahali pa jeneza. Magari mengi ya kifahari yaliishia hivyo.

Alichukua kioo cha kukuzia. Rejeta ile yenye mabega... boneti yenye bawaba mbili... Mungu wangu. Yalitengenezwa machache mno, hata vidole vya mkono mmoja hayajazi. Cuthbert, mzee wangu, uliniachia zawadi na mkeo akataka kuifukia.

Moyo ukamdunda kwa furaha. Akageuza picha ya limozini, akaandika jina la gari. Mwaka 1938. Pembeni akaandika kwamba baadaye, 1946, liligeuzwa la maiti. A. Pettifer, mtambuzi. D. Pettifer, shahidi.

Taa ya juu ikazimika, ikawaka tena.

Akatia picha kwenye koti, akapanda ngazi hadi wodini.

Doreen alikuwa ameketi kitandani na sweta lake la kijani mabegani, kalamu mkononi, gazeti la fumbo la maneno magotini. Rangi ilikuwa imemrudia usoni. Alwyn alimbusu, akataka kulia kwa furaha, akaona haya.

"Kesho," alisema.

"Kesho. Na usije na ile gari yako chafu, wenzangu huku wanachukuliwa na watoto wenye magari ya maana." Alinusa. "Umebeba maua?"

"Maua gani?"

"Nimesikia harufu."

Alimpa picha zote mbili. Walinong'ona, maana mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa amelala. Doreen alivaa miwani, akaanza na ile ya maiti.

"Hii umesema ya lini?"

"Arobaini na sita."

"Mwaka wa kuponi za nguo, kitambaa cha kupimiwa? Acha utani. Tazama sketi hizi, zinafagia ardhi. Kofia kama sinia. Hii ni kabla ya vita vya kwanza, Alwyn. Kumi na mbili, kumi na tatu, si zaidi."

"Haiwezekani. Kampuni yenyewe ilikuwa haijaanza. Rejeta ile ilikuwa haijabuniwa."

"Mimi sijui rejeta. Najua mapindo."

Alwyn aliichukua, akaitazama rejeta tena. Akili yake ilijaribu kupanga mambo, ikashindwa. Magari huanza kwa mabwana yakaishia kwa maiti. Hili lilianza kwa maiti. Halafu likavaa bodi ya kubebea watu wazima wenye kupumua.

Doreen alishachukua picha ya pili. Alikuwa ameisogeza karibu na taa ya kitanda. Alikaa nayo muda mrefu.

"Alwyn."

"Naam."

"Cuthbert anafanya nini humu?"

Alwyn akacheka kidogo. Kisha akaona uso wa mkewe.

"Kiti cha nyuma. Dirishani. Tazama."

Akatazama. Kwa mara ya kwanza akatazama mtu, siyo gari. Nyuma ya kioo alikaa mzee mwenye sweta la kisasa na miwani iliyofungwa plasta kwenye bawaba. Miwani ile chama kizima kiliijua. Winifred alimzika nayo.

Mdomo wa Cuthbert ulikuwa wazi kidogo, kama aliyekatizwa akisema neno. Pembeni yake palikuwa na nafasi.

Nafasi ya mtu mmoja.

"Igeuze," Doreen alinong'ona, na hakungoja, akaigeuza mwenyewe. Akasoma jina la mumewe. Akasoma na lake, kwa mwandiko usio wake.

"Umeniandika," alisema.

Hakusema kwa hasira. Hilo ndilo lililomuumiza Alwyn. Alimweleza yote kwa haraka, maneno yakikwaruzana: kibanda cha makaa, kukataa kwa Winifred, harufu, raba. Doreen alisikiliza huku ameshika mkono wake.

"Basi Winifred alifuta akiwa amechelewa," alisema. "Mwenzake alikuwa ameshachukuliwa."

"Sisi hatujachelewa. Nakufuta sasa hivi. Naleta raba, nakufuta wewe. Jina langu libaki."

"Alwyn, kaa kwanza."

"Kesho unarudi nyumbani!"

Alikuwa ameshatoka. Mwisho wa korido, kwenye meza ya manesi, msichana mmoja alikuwa akijaza fomu. Alwyn akamwomba raba. Nesi akafungua droo ya kwanza, hakuna. Ya pili. Akacheka, akasema vitu vidogo humu vinaota miguu. Droo ya tatu, chini ya bendeji, raba nyeupe iliyoliwa pembe.

Ndipo akausikia mlio.

Tup.

Ulitoka chini, barazani. Mlango wa gari la thamani haupigi kelele ukifungwa. Unashuka mahali pake kwa upole, mzito. Miaka thelathini Alwyn aliupenda mlio ule kuliko muziki.

Alikimbia. Viatu vilimteleza kwenye sakafu.

Doreen alikuwa ameegemea mto, miwani bado usoni, macho yamefumbwa. Mkono uliolala juu ya blanketi ulikuwa bado vuguvugu. Kalamu ya fumbo la maneno ilikuwa imedondoka sakafuni.

Manesi walikuja mbio wakavuta pazia. Alwyn alisukumwa hadi dirishani, akatazama chini. Mvua ilikuwa inanyesha vizuri. Mbele ya baraza palikuwa na kipande cha lami kikavu, kirefu, kipana kama gari kubwa, na mvua ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kukilowesha.

Picha waliikuta chini ya kiganja cha Doreen. Jina la Doreen lilikuwa lipo kama alivyoliandika. La Alwyn lilikuwa limekatwa kwa wino wa buluu, mistari mingi, imekandamizwa hadi karatasi imekwaruzika. Pembeni, kwa mwandiko wake mwenyewe safari hii, Doreen aliandika: *Safari hii nimesaini mwenyewe. Wewe nenda nyumbani.*

Alikwenda nyumbani. Hita ilikuwa inawaka, chumba kina joto, shuka zimetandikwa. Alilala sebuleni kwenye kiti.

Huu ni mwaka wa tatu sasa. Chama amekiacha. Picha ameiweka kabatini, ndani ya boksi la viatu, gizani, lakini kila Alhamisi anaitoa. Pembeni ya Cuthbert ameketi mwanamke mwenye sweta mabegani. Wengine wote pichani wanatazama hoteli, bahari, miguu yao. Yeye anamtazama anayeshika picha. Alwyn humsimulia mambo ya wiki nzima, bei ya mkate, mvua, kisha humrudisha kwenye boksi.

Alhamisi iliyopita aliona jambo, na alilifahamu kwa sababu anayajua magari. Limozini za aina ile zina viti viwili vidogo vya kukunja, vimefichwa mgongoni mwa dereva. Ukivihitaji, unavishusha. Katika picha, siku zote vilikuwa vimekunjwa.

Kimoja kimeshushwa.

Akageuza picha haraka. Mistari ya buluu ilikuwa imepauka, imekuwa rangi ya maji ya chai. Chini yake penseli ilisomeka vizuri, herufi moja moja, jina lake zima.

Raba ya nesi angali nayo mfukoni mwa koti. Anajua inavyofanya kazi, dakika moja tu inatosha kulifuta jina lake. Lakini kila akiitoa humwangalia Doreen, na Doreen humwangalia yeye, na siku hizi kichwa cha Doreen kinaonekana kama kimegeuka kidogo, kushoto, kulia, kama mtu anayekataza.

Alwyn huirudisha raba mfukoni. Nyumba ile haina mtu mwingine wa kuongea naye.