Mara ya Tano

Mtoto kukataa ziwa ni jambo la kawaida, kila aliyelea analijua. Ana jino, ana mafua, anadeka. Lakini mtoto kukataa ziwa hali tumbo limejaa ndi, na mama yake hajamnyonyesha tangu alfajiri, hilo si la kawaida hata kidogo, na Rawda alipaswa kulishughulikia siku ileile. Alimfuta mwanawe Mzamil mdomo, akanusa kidole, akasikia harufu ya manyoya yaliyolowa. Akasema ni wale watoto wa paka aliowaokota tu, akaendelea na kazi zake.

Nimlaumu? Namlaumu kidogo. Rawda alizaliwa Mombasa, wazee wake walikimbilia huko vita vilipoanza, na hapa kisiwani Chovai alikuja akiwa mke wa Hamidi, mzamiaji wa kamba koche, ambaye wiki ile alikuwa Kismayu. Nyumbani walibaki watatu: yeye, Mzamil wa miezi saba, na mavyaa wake Bi Barke, mama mcheshi, macho yameingia mtoto wa jicho hata anakutambua kwa sauti na rangi ya leso. Rawda akisema "mtu", Bi Barke humrudi, "Sema mchu, mwanangu, hapa si Mombasa," kisha wote wawili wakacheka. Walipendana, wallahi.

Kosa lenyewe lilitokea Jumatatu. Kisiwani kuna nyumba zilizoachwa, za watu waliokimbia mwaka wa tisini na moja wasirudi. Hazina paa, zimeota mipapai ndani. Rawda alikwenda huko kuokota kuni, akasikia mlio, akawakuta watoto watatu wa paka ndani ya mtungi uliovunjika shingo. Macho yao hayajafunguka, na mama yao hayupo.

Sasa hapa, kila mwana wa Chovai anajua la kufanya. Ukikuta watoto wa paka, huwashiki. Paka ameenda kutafuta riziki, atarudi. Unaondoka, unasali sala inayofuata, ndipo unarudi kutazama. Kama bado hayupo, unangoja sala nyingine. Na ikiwa ni nyumba isiyo na watu, kabla hujawainua unasimama mlangoni unauliza mara tatu, "Mwenye wana yupo?" Maana huwezi kujua mwenye wana ni nani. Bi Barke hakumfundisha mkaza mwanawe haya kwa sababu haikumpitia akilini kwamba yuko mtu mzima asiyeyajua.

Rawda hakungoja hata dakika moja. Alikuwa mwingi wa huruma, na mwenye mtoto mchanga akisikia kilio, kifua humjaa chenyewe. Aliwatia kwenye leso yake, akawaambia kwa sauti, ndani ya nyumba ile tupu, "Maskini. Nyamazeni. Mimi ndiye mama yenu."

Maziwa ya unga yalikuwa yamekwisha kisiwani, boti haijayaleta. Basi akajikamua katika kikombe cha kahawa, akachovya pamba, akawanyonyesha mmoja mmoja mpaka wakashiba. Alifanya hivyo mchana na jioni, siku baada ya siku. Hakumwambia mtu, aliona haya.

Jumatano ndiyo siku ile Mzamil alipokataa ziwa. Bi Barke alimwambia amwache mtoto, si amemnyonyesha sasa hivi, yeye mwenyewe amemwona. Rawda alikuwa ametoka kisimani wakati ule. Alidhani ni macho ya mama, akanyamaza asimtie simanzi.

Alhamisi Mzamil alikataa tena, asubuhi na alasiri. Mara ya pili Rawda alipomwinua aliziona nywele zake za utosini zimelowa, zimelazwa upande mmoja, nywele baada ya nywele, kama zilizorambwa. Tena alikuwa amesikia kitu chumbani, mkoromo wa chini unaopanda na kushuka, akadhani ni injini ya boti huko pwani. Alikwenda ufukweni kutazama, na hapakuwa na boti.

Ijumaa, wanaume wako msikitini, jua limesimama utosini, Rawda alikuwa uani anaanika nguo, na Bi Barke anaosha mchele barazani. Akausikia ule mkoromo. Akaenda polepole na nguo ya mtoto mkononi, akidhani labda yule paka amekuja kuwafuata wanawe, tena akafurahi kidogo, lakini sanduku la watoto wa paka lilikuwa jikoni, nyuma yake, na mkoromo ulikuwa unatoka mbele, chumbani, mzito kuliko wa paka yeyote, ukitetemesha hata ubao wa mlango alioushika, na alipochungulia alimwona mwanamke amekaa mkekani amempa mgongo, miguu ameinyosha, amejifunga leso ya manjano ambayo Rawda mwenyewe alikuwa ameivaa wakati uleule, amempakata Mzamil anamnyonyesha, na Mzamil ananyonya kwa pupa, kijikono chake kikifinyafinya kifua kile, na chini ya ushungi wa yule mwanamke kitu kilisogea, sikio, sikio moja refu, likageuka nyuma kumsikiliza, na kichwa hakikugeuka. Nguo ikamponyoka. Ilipogusa sakafu mkeka ulikuwa na mtoto peke yake, maziwa yanamchuruzika kidevuni, naye anakoroma vilevile.

Mwalimu Famau hufundisha watoto Kurani asubuhi, na mchana hutengeneza injini za boti. Sala ilipokwisha Rawda alimkuta uani kwake na spana mkononi. Alikuwa amembeba Mzamil kifuani. Alimsimulia yote isipokuwa moja.

"Uliwalisha nini?" Famau akamwuliza.

"Maziwa, Mwalimu."

"Maziwa gani? Hii wiki ya pili kisiwani hakuna maziwa."

Rawda akatazama chini. "Yangu."

Famau akaiweka spana. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mtoto akinyonya kwa mwanamke akashiba mara tano huwa ni mwanawe, sheria ndiyo hiyo, na majini wanaishika kuliko sisi. Rawda amewanyonyesha wana wa mwenzake, tena ametamka kwa ulimi wake kuwa yeye ndiye mama yao. Basi mwenzake naye anamjia wake, haki kwa haki.

"Amemnyonyesha mara ngapi?"

Rawda akahesabu kwa vidole. Jumatano mara moja, jana mara mbili, leo. "Nne."

"Nne hazifungi. Ya tano ndiyo ifungayo. Inuka twende."

Mtoto hakutakiwa kuikaribia nyumba ile. Njiani Rawda alimsihi Famau asimwambie Bi Barke habari ya maziwa, wala ya yule mwanamke wa leso ya manjano. Mama ni mzee, ataogopa, na yeye ataificha wapi sura yake. Famau akamhurumia, akakubali. Walipofika nyumbani Famau alimpa bibi mjukuu wake, akamsomea mtoto dua, akasema, "Mpakate, Bi Barke. Usimpe mchu yeyote ila mama yake."

Bi Barke akacheka. Akasema hilo nalo ni la kuambiwa.

Wakalichukua sanduku. Kwenye ile nyumba Rawda aliwarudisha watoto mtungini, akasimama mlangoni kama alivyoelekezwa. "Mwenye wana, wana wako hawa. Mimi si mama yao." Akasema mara tatu. Hapakuja kitu. Vitoto vililia, nzi wakavuma, Famau akasoma mpaka sauti ikamkauka, na Rawda akawa anajiuliza, mbona haji, mbona haji, jua linateremka na haji.

Mwisho akaja. Paka wa kijivu, mwembamba, paka wa kawaida kabisa, anatembea bila haraka, akitokea upande wa nyumba ya kina Rawda. Alipita katikati yao akimtazama Rawda bila chuki, kama jirani anavyomtazama jirani, akawabeba wanawe kwa shingo mmoja mmoja akatokomea nao kwenye mipapai. Famau akasema alhamdulillahi. Rawda alilia kwa furaha njia nzima.

Nyumbani alimkuta Bi Barke peke yake barazani, kaa la udi linafuka, na Mzamil amelala mapajani mwake, mzito, ameshiba. Rawda akamchukua, akafungua kifua. Mtoto akageuza uso.

"Muache alale, mwanangu," akasema Bi Barke. "Mara hii amenyonya sana."

"Amenyonya kwa nani, mama?" akauliza Rawda.

"Si ulirudi peke yako ukaniomba? Nami sikumtoa ovyo. Niliuliza, ni nani? Ukasema, mimi ndiye mama yake. Nikaiona na leso yako." Bi Barke akatabasamu, akipapasa hewani kumtafuta mjukuu wake. "Mliniambia nisimpe mchu ila mama yake. Basi nikampa mama yake."

Mikononi mwa Rawda, Mzamil akaanza kukoroma.