Kitabu cha Mtambo Darini

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Fancy alichuma chai pamoja na nyanya yake, Kogo Jerusa, katika shamba lililoteremka hadi mtoni. Kogo hakuwa na mzaha katika kazi hiyo. Alitaka majani mawili na chipukizi, basi. Ukichuma jani kuukuu alilitoa kikapuni bila neno, kisha akakutazama mpaka ukaona haya. Mwaka huo wa 1997 Fancy alikuwa darasa la saba, na vidole vyake vilikuwa na weusi wa utomvu usiotoka hata kwa sabuni.

Jumanne hiyo alichuma huku mawazo yake yakiwa mbali. Baba yake, Kiptanui, fundi mkuu wa kiwanda cha chai, alikuwa amekimbizwa hospitali ya Longisa Jumapili, tumbo likimkata, na mama alikwenda naye. Walisikia kwamba amepasuliwa na bado hajaweza kuzungumza. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililomkaba Fancy rohoni, nalo hakuwa amemwambia mtu.

Kabla ya kupakiwa kwenye gari, baba alikuwa amemwita kando. "Kile kitabu cha mtambo kiko darini, ndani ya debe la mbegu," alisema kwa shida. "Mtu akikuuliza, wewe hujui. Hata Omwenga. Umenisikia?"

"Ndiyo, baba."

Kitabu hicho kilikuwa cha kiwanda. Kilikuja na mtambo mpya wa kusaga majani, wenye mota tisa, kila mota ikiongozwa na kisanduku chake. Mara nyingi baba alimweleza Fancy habari za visanduku hivyo huku macho yakimng'aa. Vilizungumza kwa mwanga, alisema. Mwanga ulipita ndani ya waya mwembamba wa plastiki, ukatoka kisanduku hiki ukaingia kile, ukavizunguka vyote na kurudi ulikoanza. Kila kisanduku kilikuwa na namba yake, kama mwanafunzi kwenye rejista ya darasa, na kiliposikia namba yake kilijua kimeambiwa kikimbie au kipunguze mwendo. Tena havikutengenezwa na kampuni moja. Kampuni nyingi zilikuwa zimekubaliana lugha moja na kuiandika wazi, ili kisanduku cha huyu kielewane na cha yule.

Baba peke yake ndiye aliyepelekwa Nakuru kusomea mtambo huo. Aliporudi aliandika ndani ya kitabu namba na mwendo wa kila kisanduku. Kisha mafundi wawili wa zamani wakaachishwa kazi, naye akaingiwa na hofu kwamba wengine wakiujua mtambo huo, ataachishwa pia. Siku moja akakitia kitabu ndani ya koti akaja nacho nyumbani. Ajabu iliyoje: visanduku vya nchi za mbali vilielewana, lakini yeye na msaidizi wake Omwenga, waliokunywa chai kwenye birika moja kila siku, hawakuambiana kitu.

Jumatatu alasiri mvua ya mawe ilinyesha, radi ikaunguza kisanduku kimoja. Mwanga ulipokatika hapo, mzunguko wote ulikatika na mtambo ukasimama. Omwenga alitoa kisanduku cha akiba stoo akakifunga, lakini hakujua akipe namba gani wala mwendo gani. Jioni alikuja kwa kina Fancy, ameshika kofia mkononi.

"Fancy, baba yako hakuacha kitabu chochote hapa nyumbani?" aliuliza. "Kile cha kijani."

"Hapana, Baba Bonareri. Sijakiona."

Omwenga alimshukuru akaenda zake. Fancy alibaki mlangoni akitamani angalau angegombezwa.

Sasa, Jumanne, yeye na Kogo walipofikisha vikapu kwenye kituo cha kukusanyia majani, walikuta magunia ya jana bado yamepangwa mstari. Karani alitikisa kichwa tu. Kiwanda hakikupokea majani. Kogo aliingiza mkono ndani ya gunia lake, akautoa haraka.

"Hii majani imeshika moto ndani," alisema. "Imekuwa nyekundu. Hii ni ya kumwaga."

Akaimwaga chai yake ya siku nzima kando ya barabara, akalikunja gunia tupu na kulitia kwapani. Majirani nao walikuwa wakimwaga. Fancy hakuweza kumtazama hata mmoja usoni.

Shuleni, Bonareri, binti wa Omwenga, aliyekaa dawati moja na Fancy, hakufungua hata kitabu cha hesabu.

"Nini?" Fancy alimnong'oneza.

"Watu wanasema ni baba ameharibu mtambo," Bonareri alisema. "Meneja amemwambia mtambo ukilala leo tena bila kufanya kazi, atafute kazi kwingine. Wengine wanasema turudi kwetu Kisii." Akafuta macho kwa mkono wa sweta. "Na mimi nimezaliwa hapa."

Fancy aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Alijua akitoa kitabu, watu watajua baba alichukua mali ya kiwanda, na huenda kazi yake ikaisha akiwa kitandani. Alijua pia kwamba akinyamaza, mtu asiye na kosa atafukuzwa kwa ajili ya uongo wake yeye, Fancy. Kengele ya chakula cha mchana ilipolia alikimbia nyumbani, akapanda darini na kutia mkono ndani ya debe. Kitabu kilikuwa pale, kimejaa vumbi la mahindi.

Kiwandani alimkuta Omwenga amepiga magoti mbele ya mtambo, meneja amesimama nyuma yake.

"Baba Bonareri, jana nilikudanganya," Fancy alisema. "Kitabu kilikuwa kwetu. Baba aliniambia nisiseme."

Omwenga alikipokea kwa mikono miwili. Hakumkemea. Alifunua kurasa akaanza kuweka namba na mwendo, polepole, akirudia kila mstari. Mwisho alichomoa ncha ya waya akaielekeza kwenye kiganja chake, na nukta nyekundu ya mwanga ikatokea hapo. Akairudisha mahali pake. Mikanda ya mtambo ikaanza kutembea, yote kwa pamoja.

Meneja alimgeukia Fancy. "Baba yako tutazungumza naye akipona," alisema, na Fancy akarudi shuleni bila kula.

Jumamosi alikwenda Longisa pamoja na Omwenga. Baba alikuwa amekaa kitandani, amekonda. Fancy alimwambia yote akiwa ameinamisha kichwa.

"Nilikasirika nilipoanza kukusikiliza," baba alisema. "Kisha nikajiuliza nakukasirikia nini. Mimi ndiye niliyekufundisha uongo. Niliogopa kupoteza kazi, nikaficha nilichojua, na karibu nimpotezee huyu kazi yake. Hata majani ya mama yangu yameoza kwa sababu yangu. Mtu mzima akikutuma useme uongo, Fancy, hata akiwa mimi, usikubali. Na ukijua jambo linalowafaa watu, waambie mapema." Akamtazama Omwenga. "Nisamehe, ndugu yangu. Meneja nitamweleza mwenyewe, na akiamua niwe chini yako, nitakuwa."

Omwenga alivuta stuli, akatoa daftari jipya alimonakili kila kitu, na kalamu.

"Namba saba mwandiko wako ulinisumbua," alisema. "Nakala hii itatundikwa ukutani, kila fundi wa zamu aione. Nisomee tuhakikishe."

Baba alipokea kitabu cha kijani akaanza kusoma kwa sauti ya chini, kama alivyozoea. Kisha akajikohoza, akaanza upya kutoka namba moja, safari hii kwa sauti iliyofika mpaka kitanda cha mwisho. Fancy akashika kalamu, akaweka alama kwenye kila mstari uliokuwa sawa.