Mkono Kwenye Waya Mwekundu

Jua lilikuwa linaaga Fundi alipofika kwenye bohari la chanjo, mkobani ana bisibisi, flashi yenye programu ya draiva, na kadi mpya ya vipimo aliyoifunga vizuri kama yai. Kazi ya kawaida. Kompyuta ya chumba cha barafu ilikuwa inapiga king'ora kila magharibi bila sababu, na wakaguzi walikuwa wanakuja asubuhi. Wakikuta vipimo vina walakini, chanjo zote zinamwagwa, na watoto wa mji mzima wanakosa sindano.

Hayo ndiyo aliyomweleza mama yake. Mama yake alikuwa na lake.

"Nenda. Lakini ukifika, angalia huyo mwanamke amemweka wapi mwanangu."

Kaka yake Fundi, aliyeifunga mitambo ile kwa mikono yake mwenyewe, alikutwa amekufa ndani ya chumba kile cha barafu, mlango umemgomea. Ukoo ulimzika, ukalia, kisha ukaanza kunong'ona. Mjane kamficha. Kamfanya msukule, anamtumikisha gizani. Fundi, ambaye chuo kilimfundisha kwamba kila kitu kina chanzo na kipimo, aliwajibu kwamba msukule hodari angeanza kwa kuziba bati linalovuja la mjane. Hakuna aliyecheka.

Mjane mwenyewe ndiye mtunza bohari. Alimfungulia lango akiwa na funguo shingoni.

"Karibu, wifi. Umekonda. Au ndiyo elimu?"

"Na wewe umenenepa. Au ndiyo msukule anakupikia?"

Wifi alicheka kwa pua tu. "Angekuwa anapika ningekualika."

Kompyuta ilikaa kwenye kijichumba kilichopakana na chumba cha barafu, ukuta mmoja katikati. Ilikuwa kuukuu, na haijawahi kuonja mtandao. Kaka mtu aliapa kwamba virusi watamkuta yeye kwanza kabla hawajaikuta. Ubaya wake ni kwamba haikuweza kumpigia mtu simu. Jambo likiharibika, lazima awepo mtu mbele ya kioo, anatazama.

Kwenye kioo mistari ya rangi ilikuwa imelala chini, kila mstari na waya wake, kila waya na kihisio chake cha joto kule barafuni.

Giza likaingia.

Mstari mwekundu ukapanda. Ukashuka. Ukapanda. Ukashuka. Ukapanda...

King'ora kikalia.

"Ndiyo hiyo," wifi alinong'ona akikizima. "Kila siku, saa hizi."

Fundi aliujua mwendo ule. Kaka yake ndiye aliyemfundisha. Ukitaka kujaribu kihisio, unakishika ndani ya ngumi kipate joto, unakiachia, unakishika tena, mara tatu, ili aliye kwenye kioo ajue huyu ni mtu, si mashine. Naye akiona, anagonga ukuta. *Nimekuona.*

Akalisukuma wazo hilo mbali.

"Kadi imechoka," alisema. "Waya ukilegea huiga kipimo cha jirani yake. Ni umeme tu, wifi. Umeme hauna ukoo."

Akafungua kasha, akachomoa kadi ya zamani, akachomeka mpya. Kompyuta ikagoma kuitambua. Akachomeka flashi, akaweka draiva, akaizima, akaiwasha. Ikagoma. Akaikandamiza kadi mpaka ikauma vizuri kwenye kitako chake, akawasha tena, na mistari ikarudi.

Mwekundu ukapanda.

Akaung'oa waya mwekundu kwenye kadi. Mstari ukalala kimya kama maji ya mtungini. Akaurudisha. Ukapanda.

"Kadi ni nzima," alisema polepole. "Hata ile ya zamani ilikuwa nzima. Inasema inachoambiwa."

"Inaambiwa na nani?"

Fundi aliinuka. Alivaa koti zito lililotundikwa mlangoni. Mikono ilimpita vidole. Lilikuwa la kaka yake.

"Naingia kukiangalia kihisio. Ukiona nimekishika, gonga ukuta."

Wifi alimdaka mkono. "Na mlango ukigoma?"

"Si utaona nikishika?"

"Wifi... mimi kila siku naona akishika." Sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Mwanzoni nilikuwa nakimbia kufungua. Hamna mtu. Nafungua, hamna mtu. Sasa nimejifunza kukaa."

Mwenye akili angelitafakari neno hilo. Fundi alikuwa na shahada. Akaingia.

Mlango ukajifunga nyuma yake kwa pumzi nzito. Feni zilinguruma. Rafu za maboksi zilisimama pande zote mbili, zimeota barafu nyeupe, na kule mwisho kabisa ndiko kilikoning'inia kihisio chekundu. Kisha akasikia harufu.

Risasi ya kulehemu. Moshi wake, mtamu na mkali, kama mtu ametoka kuunga waya sasa hivi.

Akakishika kihisio ndani ya ngumi.

Ngo.

Wifi ameona. Vizuri. Akakiachia, akatia mikono mifukoni.

Ngo.

Akatulia. Labda joto la mkono halijaisha.

Ngo.

Kihisio kilikuwa mbele ya macho yake, hakuna anayekigusa. Barafu iliyokifunika ilikuwa inayeyuka. Tone... tone... Na juu kidogo, kwenye waya, barafu iliyeyuka kwa alama. Vidole vinne na gumba.

Vikubwa kuliko vyake.

Fundi alikimbia. Akakamata mpini wa mlango, akauzungusha, nao ukazunguka bure kama kijiko ndani ya kikombe. Akapiga mlango. Mlango ule ulikuwa mnene kama godoro, na feni zilimeza kila ukelele. Ndipo alipoelewa alichoambiwa. Ng'ambo ya ukuta kuna mwanamke anautazama mstari mwekundu ukipanda na kushuka, naye amejifunza kukaa.

Nyekundu haitamwokoa. Akatafuta kihisio kingine, cha bluu, kwenye rafu ya karibu. Akakishika kwa nguvu zote. Bluu haijawahi kupanda. Wifi ataona. Lazima aone.

Kimya.

Akashika tena. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, vigumu kama vijiti. Mkono wake haukuwa tena na joto la kusema lolote. Meno yakagongana. Akakaa chini, akamfikiria mama yake akizika tena.

Ndipo kitu kikaushika mkono wake wa kushoto.

Kwa nyuma. Kwa upole. Cha moto.

Hakugeuka. Alilihisi gumba likimpapasa, na kwenye gumba hilo kovu gumu, mahali ambapo pasi ya kulehemu iliwahi kumuunguza mtu aliyempenda.

Mlango ukafunguka.

Wifi alimburuta nje, akamfunika khanga, akamsugua mgongo huku akimtukana kwa kila tusi alilolijua. Fundi alipopata ulimi aliuliza, "Uliona... bluu?"

"Bluu gani? Bluu haikutikisika." Wifi aliutazama mkono wa kushoto wa Fundi, ambao ulikuwa mwekundu na unatoa jasho. "Niliona nyekundu imeacha kupanda. Tangu afe, hajawahi kuachia katikati. Nikasema, leo amepata kitu kingine cha kushika."

Kesho yake wakaguzi walipita, wakaona mistari yote imelala, wakatia sahihi, wakasifu kadi mpya. Mama yake Fundi aliuliza habari za msukule. Akajibiwa kwamba hakuna kitu, waya tu.

Magharibi simu ikalia.

"Mstari umelala," wifi alisema. Alikuwa analia. "Nimekaa hapa namngoja. Umeondoka naye, sivyo? Mlinisema mimi, kumbe wewe ndiye..."

"Wifi, kalale."

"Nirudishie."

Fundi alikata. Alikuwa kwenye meza yake ya kazi nyumbani, kihisio kipya mbele yake, kimeunganishwa na kompyuta ya majaribio. Mkono wa kushoto ulikuwa bado wa moto. Aliuweka mapajani, mbali, ajaribu kwa wa kulia.

Kabla hajakigusa, mstari ukapanda.

Ukashuka. Ukapanda. Ukashuka. Ukapanda.

Nyumba nzima ilinuka risasi ya kulehemu.

Alikaa akiutazama kwa muda mrefu. Kisha Fundi, msomi, asiyeamini, akanyoosha mkono, akagonga ukuta. *Nimekuona.*

Mstari ukapanda tena.

Safari hii haukushuka.