Mnyororo Uliovishwa Kitambaa

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi nyuma ya mlango wa dharura, mkono mmoja umenyooka kuelekea komeo. Watoto wa chekechea ya chini walimwita marehemu Babu Miwani. Alikuwa karani wa ofisi ya pensheni, ghorofa ya juu.

"Hakuungua," daktari alisema akivua glovu. "Ni moshi. Alifika hapa akiwa hai."

Inspekta aliitikia kwa kichwa. Hakuwa amelala tangu juzi, na macho yalimwasha. Moto wenyewe haukuwa na fumbo: waya wa birika uliochakaa, pale juu ya ngazi kuu, jioni watu wameshaondoka. Fumbo lilikuwa kufuli na mnyororo uliokutwa mlangoni. Nani hufunga kwa mnyororo mlango wa kukimbilia?

Meneja wa pensheni alijifuta jasho. "Afande, milango ya chini ni ya chuo."

"Sisi wapangaji tu," alisema mkuu wa chuo cha ghorofa ya kati. "Muulize mwenye jengo."

Mwenye jengo alijibu kwa simu. "Mkataba unasema wapangaji washirikiane."

"Na king'ora cha mlango? Mbona kibovu?"

"Hicho ni cha wote, afande."

Inspekta alikata simu. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na huyu hapa aliyezama nacho.

Aliupangusa mnyororo masizi. Chini yake kulikuwa na kitambaa cha maua, kimeshonwa kuuzunguka kwa mshono mdogomdogo.

"Koplo, mlinzi anaweza kuuvisha mnyororo nguo?"

"Labda awe na wazimu, afande."

"Au awe na watoto."

Chekechea ilinuka moshi. Pembe za meza zote zilikuwa zimevishwa kitambaa kile kile. Mwalimu alikuwa peke yake, akipanga viti ambavyo hakuna aliyekuja kuvikalia.

"Umeshona wewe, mwalimu?"

"Wasijiumize." Alitazama mfuko wa plastiki mkononi mwa Inspekta, mnyororo ndani yake, akaketi. "Kufuli ni langu, afande."

"Kwa nini?"

"Mlango ule unatokea barabara kuu. Zamani ukifunguliwa king'ora kinalia, tunawahi. Kikafa. Nikaenda pensheni, wakanituma chuo. Chuo wakanituma kwa mwenye jengo. Yeye akanirudisha pensheni. Nikizungushwa hivyo, mtoto akatoka. Lori lilimkosakosa."

"Ukafunga."

"Nikafunga. Kila jioni nafungua kabla sijaondoka. Jana nikapigiwa simu mama kazidiwa hospitali. Nikatoka mbio na ufunguo mfukoni."

"Marehemu alijua habari ya kufuli?"

"Alijua. Ndiye aliyemvuta yule mtoto kutoka barabarani. Alijua pia kwamba jioni siku zote nafungua."

Koplo aligeukia dirisha. Inspekta alisikia uchovu ukimshuka mabegani kama gunia.

"Koplo, waite wale watatu kituoni. Leo hii."

"Kwa lipi, afande? Hawakugusa kufuli."

"Na king'ora je, walikigusa?"

Koplo akatoka.

"Watoto niwaambie nini?" mwalimu aliuliza.

Inspekta akavuta kiti kimojawapo cha watoto, akaketi, magoti yakamfika kifuani, na akafungua karatasi ya maelezo.

"Tuanze na jina lako, mwanangu. Polepole. Mimi nipo."