Mahali Mkono wa Baba Haukufika

"Baba, ngoja kidogo."

Mzee hakungoja. Alishuka ngazi za ukumbi wa maonyesho ya ndege ndogo za mfano kama mtu anayekimbia moto, binti yake nyuma, viatu vikimbana.

"Ameitengeneza miezi saba, baba. Kwa ajili yako."

"Nimeiona. Ndege yangu, namba yangu ubavuni. Uchafu ndio si wangu."

"Ni uhalisia. Ndege ya vita inachakaa."

"Miaka kumi na tisa nimekuwa fundi wa ndege ile. Kila asubuhi niliipangusa kabla rubani hajanywa chai. Leo anayetaka kukuoa ananitangaza kwa watu kuwa mchafu." Aliketi kwenye benchi, akafungua soda. "Nikiimaliza hii tunaondoka. Habari za posa zimeishia hapa."

Simu ilitetemeka mkononi mwa binti. Ujumbe wa Brashi, mpenzi wake mchora mabango: *Mbona ametoka? Amesema nini?*

Aliandika, akafuta. Akaandika tena, akafuta. Mwishowe alisogea pembeni akapiga.

"Umemchafulia ndege yake."

"Lakini kwenye picha zote ndivyo zilivyo, mpenzi. Masizi mkiani, mafuta tumboni."

"Picha za ndege za watu. Baba ulimuuliza?"

"Nilimwogopa." Brashi alishusha pumzi. "Majaji wanakuja sasa hivi. Nikifuta itaonekana kama imetoka dukani leo. Kikombe kimekwenda."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kitambaa ninacho mkononi. Masizi sijayapaka vanishi, yatatoka. Naanzia wapi?"

Binti alimtazama baba yake kwenye benchi. Soda imebaki nusu, na miguu yake mifupi haigusi chini vizuri. Akamkumbuka marehemu mama, aliyekuwa akitundika mapazia peke yake huku akimtania mumewe kwa ufupi wake.

"Futa kote, ila ncha ya mkia uiache. Mama alikuwa akisema hata juu ya ngazi baba hapafikii."

Alirudi kwenye benchi. "Baba, kaitazame mara moja tu."

"Nimeshaitazama."

"Basi nitazame mimi."

Mzee alimtazama. Akaiacha soda palepale.

Mezani, Brashi alikuwa amesimama, vidole vyeusi tii.

"Shikamoo, mzee."

Mzee hakuitika. Aliinama, akavua miwani, akaivaa tena. Ndege ilikuwa safi kuanzia pua hadi mkiani. Juu kabisa ya mkia tu palibaki doa la masizi.

"Hapa mbona pachafu?"

Brashi alikunja kitambaa. "Mkono wako haukufika, mzee."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika, na kumbe anacheka, machozi yakimlenga.

"Huyu ni mama yako," alimwambia binti. "Yuko kaburini na bado ananisema."

Jaji mmoja alifika, akaitazama ndege, akatikisa kichwa. "Safi mno hii. Haina uhalisia."

"Uliwahi kuipangusa wewe?" mzee aliuliza.

Jaji akasogea meza ya pili.

"Marahaba, kijana," mzee alisema, akimpima Brashi kwa macho toka miguuni hadi utosini. "Jumapili uje na wazee wako. Ila wewe uwahi kabla yao. Mapazia ya sebuleni hayajashushwa yakafuliwa tangu mama yake aondoke, na naona urefu unao."