Madawati ya Siku Moja

"Kesho kutwa batoto bako babaki nyumbani," Cirhuza alisema, huku akiutazama ukuta wa darasa badala ya kumtazama mchumba wake.

"Babaki nyumbani juu ya nini?"

"Kutakuja bengine."

Domitille alikuwa akijifuta chaki mikononi. Alicheka, akidhani anataniwa.

"Bengine ba wapi?"

"Ba ile shule ya kule chini, ya batoto ba bakubwa. Batakuja na bancs zao za kukalia na vitabu vyao. Délégation ya Kinshasa, bale bageni bakubwa, itabakuta hapa bamekaa muzuri, banasoma. Weye utasimama mbele yao. Kidogo tu, Domi. Kiisha camion inarudisha kila kitu."

Domitille akaacha kujifuta.

Darasa lake la mwaka wa kwanza, katika shule ya serikali huko Cimpunda, halikuwa na dawati hata moja. Watoto walikaa chini wamebanana kama mihogo kwenye kikapu, wakichora a, e, i kwa vidole kwenye vumbi. Mvua ikipenya bati, vumbi linakuwa tope na herufi zinazama. Kinshasa ilikuwa imetuma madawati na vitabu vya kusomea kwa shule zote za mtaa. Vilifika Bukavu salama, vikateremka hadi shule iliyo karibu na ziwa, ambayo haikuwa na shida ya madawati wala vitabu.

Domitille hakunyamaza. Alisimama kwenye mkutano wa wazazi akasema mbele ya wakubwa: "Mutoto asiposoma mwaka wa kwanza, mwaka wa tatu anakuwa kipofu mwenye macho. Hatuombi sadaka. Tunaomba fungu letu." Neno lile lilisafiri likafika Kinshasa, na sasa délégation ilikuwa njiani kuja kuangalia.

Aliyegawa madawati yale ni Papa Polycarpe, mkubwa wa ofisi ya elimu. Ndiye tonton, baba mdogo aliyemlea Cirhuza tangu alipofiwa na wazazi, akamsomesha, akampa kazi ofisini kwake. Ndiye pia aliyepeleka ng'ombe wa mahari Mudaka, kwa wazazi wa Domitille.

"Na weye ukakubali?" Domitille aliuliza.

"Ningesema nini? Kila shati nililovaa, yeye njo alininunulia."

"Miye sikuulizi shati. Nakuuliza kama ulikubali."

Cirhuza alichukua kofia yake akaondoka, na jibu likabaki limesimama pale darasani.

Asubuhi iliyofuata, padri alimwita Domitille kwenye simu ya parokia.

"Allô, binti yangu. Umeamuka muzuri?" Ilikuwa sauti ya Papa Polycarpe, tamu kama asali.

"Nimeamuka muzuri, Papa."

"Nasikia muke wa kaka yako iko karibu kuzaa."

"Ndiyo, Papa."

"Tunashukuru Mungu. Zile ng'ombe zangu njo zilimuoza, sivyo?"

Domitille alihisi ukuta wa parokia ukimsogelea. Ilikuwa kweli. Ng'ombe wa mahari yake hawakulala Mudaka hata mwezi. Baba yake aliwapeleka moja kwa moja kwa wakwe wa kaka yake. Polycarpe akiwadai, yule wifi angerudishwa kwao na tumbo lake.

"Ndiyo, Papa. Njo hizo."

"Muzuri. Ng'ombe zinaunganisha bantu. Sitaki siku moja nitume mutu kuzifuata."

"Lakini Papa, batoto bangu..."

"Citoyenne." Asali ilikuwa imekauka; hakuwa tena binti, alikuwa mwananchi wa kuonywa. "Mutu anayepaka inchi matope mbele ya bageni, Chama kina mahali pa kumuweka. Kesho utavaa muzuri."

Simu ikakatwa.

Siku ya wageni ilipofika, Domitille hakulitambua darasa lake. Madawati yamepangwa, vitabu vinang'aa, na watoto asiowajua wamevaa viatu. Cirhuza alikuwa amesimama mlangoni nyuma ya tonton wake, uso umemwiva. Mkubwa wa délégation, mtu mzima ndani ya abacost nyeusi, ile suti ya viongozi isiyo na tai, alimnyooshea kidole msichana wa mbele. Msichana akasoma ukurasa mzima, maneno yakitiririka kama maji.

"Ajabu!" mgeni alisema. "Na huko Kinshasa tuliambiwa hapa watoto wanakaa chini. Citoyenne, ni wewe uliyewafundisha hawa?"

Kwa macho ya moyo Domitille alimwona kaka yake, alimwona wifi na tumbo lake, alimwona baba yake na fimbo yake. Akamtazama Cirhuza. Cirhuza akainamisha kichwa.

"Ndiyo, Citoyen," Domitille akasema. "Ni miye."

Wageni wakapiga makofi. Papa Polycarpe akatabasamu kama paka aliyetoka jikoni. Msafara ukaondoka na magari yake, na wale watoto wenye viatu wakapandishwa kwenye basi dogo.

Domitille alikuwa bado ameegemea ubao aliposikia sauti dirishani.

"Mwalimu."

Ni maman Georgette, muuza unga wa soko la Kadutu. Nyuma yake walisimama akina mama wengine, na watoto wao wenyewe, wale waliofukuzwa asubuhi.

"Tulikuwa hapa inje. Tumesikia yote."

"Maman Georgette, pardon. Balinitisha..."

"Mutoto wangu aliniuliza: maman, sasa mwalimu hatujue tena, siye batoto bake? Nimekosa la kumujibu. Mujibu weye."

Domitille hakuwahi kuona aibu ya namna ile. Kutishwa ni kitu kimoja. Kuonwa na mtoto ukiwa umetishwa ni kingine.

Papo hapo camion, lori la ofisi, ikanguruma kwenye mteremko. Ilikuwa inakuja kufuata madawati.

Cirhuza aliruka chini na vibarua wawili. Sanduku la vitabu, lililokuwa kwenye veranda, walilipakia kwanza. Walipoingia kuchukua madawati, walimkuta Domitille amekaa kwenye dawati la mbele, mikono juu ya meza, kama mwanafunzi. Maman Georgette alimtazama, akaelewa, akaingia akakaa pembeni yake. Akina mama wakafuata, kila mmoja na mtoto wake. Likabaki darasa limejaa pomoni.

"Domi, simama," Cirhuza alisema.

"Sisimame."

"Unajua tonton atafanya nini?"

"Ameisha kuniambia."

"Na baba yako? Na ng'ombe?"

"Baba yangu nitamuambia miye mwenyewe. Asubuhi nilisema uongo kwa ajili yake. Sitasema wa pili."

"Domi, miye sina baba mwengine. Nikirudi na camion ya bule, bila bancs, sina kazi, sina nyumba, sina mutu."

"Najua, mupenzi." Mikono yake ilibaki juu ya meza. "Siko nakuambia uchague. Nakuambia tu miye nimekaa."

Vibarua walimtazama bosi wao wakingoja amri. Cirhuza akageuka, akatoka. Domitille akafumba macho. Alisikia mlango wa nyuma wa camion ukifunguliwa, akadhani sasa anaita nguvu zaidi.

Kitu kizito kikatua mezani. Alipofumbua macho, aliliona sanduku la vitabu. Cirhuza alikuwa amelibeba mwenyewe begani.

"Hivi pia ni vyao," alisema, akihema. Akawageukia vibarua: "Mwende. Muambie Papa ni miye nimekatala."

Polycarpe hakuweza kutuma askari. Wageni walikuwa bado mjini, na kelele yoyote ingewarudisha Cimpunda. Walipoondoka, alikuwa amechelewa: mtaa mzima ulikuwa umeyaona madawati, na watoto walikuwa wameyakalia. Basi hasira yake ikapanda gari kwenda Mudaka.

"Philémon, nataka ng'ombe zangu," alimwambia baba yake Domitille, mbele ya wazee wa pande zote mbili na wachumba wenyewe.

Mzee Philémon alikuwa ameshaambiwa yote na binti yake. Alimgeukia.

"Domitille, unamukatala huyu kijana?"

"Simukatale, Baba."

"Na weye Cirhuza, unamukatala binti yangu?"

"Hapana, muzee. Hata kama nitakuja kumuchukua na miguu."

"Sasa ng'ombe zirudi juu ya nini?" mzee aliuliza taratibu. "Kwetu zinarudi kama ndoa imekufa. Hii nayiona iko nahema."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Polycarpe, aliyewafungia wengine mlango, akajikuta naye yumo ndani: desturi aliyoitumia kama kamba ilimshika mguu wake. Aliondoka bila kunywa pombe ya ndizi aliyowekewa.

Lakini ofisi ilikuwa bado yake. Wiki ileile walipofunga harusi ilitoka amri: Cirhuza ahamishiwe Shabunda, ndani ya msitu, kuhesabu shule zisizo na barabara. Mwenye kukataa amejifukuza. Asubuhi ya safari, Domitille alimsindikiza hadi kwenye camion ya wachimba dhahabu.

"Utanifuata?" Cirhuza aliuliza, mguu mmoja juu.

"Batoto bakimaliza kujua kusoma."

"Bakimaliza, kutakuja bengine. Si kila mwaka banakuja?"

Domitille alimfunga kifungo cha koti, kisha akamfungua, akamfunga tena. Kumfuata ni kuwaacha. Kubaki ni kumwacha. Popote alipogusa palikuwa na ukuta.

"Unaniuliza kitu sina jibu yake," alisema.

"Basi usijibu. Fundisha." Cirhuza akamshika mashavu mbele ya watu wote. "Miye njo nitarudi. Na kama hawanipe tena ofisi, nitaomba darasa la mwaka wa pili, nipokee wale umemaliza."

"Na mushahara hautakuja."

"Hata wako haukuye, na unafundisha."

Wakacheka wote wawili, macho yamejaa maji. Camion ikaondoka ikipiga honi. Domitille alibaki barabarani mpaka vumbi likatua, kisha akapanda mteremko wa Cimpunda mbiombio, maana darasani walikuwa wameshaanza kusoma bila yeye, na mmoja wao alikuwa anakosea kwa sauti kubwa.